Mzee wa barazani na kijana anayekuja na wino

Assalaam alaykum,

Mimi nauza mahamri na mbaazi hapa Majengo, Mombasa, kuanzia alfajiri hadi saa nne hivi. Jirani na ninapoweka jiko pana duka lililofungwa, na barazani pake analala mzee mmoja. Hii ni wiki ya saba. Alipofika alikuwa mzee wa adabu zake, anasalimia, analipa chai kwa sarafu anazopewa, anatusimulia habari za minazi kwao upande wa Kaloleni. Kwa maneno yake, uhuru ulipokuja alikuwa tayari anapanda mnazi kugema.

Wiki mbili hizi amebadilika. Asubuhi ananijua. Ikifika alasiri ananiita kwa jina la bintiye, na walinzi wa usiku wanasema anazungumza Kigiriama na ukuta. Kiu haimwishi, na kwenda haja ndogo ni kila saa. Mguu wa kulia, juu ya kifundo, ana donda la ukubwa wa kisahani cha kikombe. Tumekuwa tukilitia spiriti na unga wa kapsuli tukinunua dukani, lakini halifungi.

Tulimpeleka zahanati moja, tukaambiwa turudi na kitambulisho. Kitambulisho hana. Amekichukua kijana anayejiita mpwa wake, ati amsajili pesa za wazee. Kijana huyo huja kila Ijumaa baada ya swala, akakusanya sadaka yote mzee aliyopewa, akamwachia shilingi hamsini. Ijumaa iliyopita alikuja na karatasi na wino, akataka mzee atie dole gumba. Mzee akakunja ngumi, hakukunjua. Kijana akaondoka na hasira zake, akisema atarudi na gari ampeleke nyumbani.

Majirani wamegawanyika. Wako wanaosema tuwaite askari wa kaunti wamwondoe. Wengine wanasema ni mwendawazimu, apelekwe Port Reitz. Mimi moyo wangu unataka nimchukue kwangu. Nina vyumba viwili, watoto watatu wa kike, na mume anafanya kazi za zamu bandarini. Hakukataa, ila amesema niulize kwanza. Je, nimchukue? Naweza kumzuia yule kijana nami si ndugu wa mzee? Na mzee mwenyewe hospitali hataki kuisikia.

Muuza mahamri, Majengo


Wa alaykum salaam, dada.

Leo ukishazima jiko, kabla ya habari za chumba na askari, mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu aje barazani na kipimo cha sukari. Kama humjui, mzee wa mtaa anamjua. Wahudumu hawa walipewa mikoba yao Septemba 2023, na ndani yake mna mashine ya sukari, ya presha na kipimajoto. Damu ni tone moja la kidoleni na jibu halimalizi dakika.

Tunakuhimiza hivyo kwa sababu umetaja mambo manne yanayopenda kutembea pamoja: kiu isiyokwisha, haja ndogo kila saa, donda lisilofunga, na akili inayokuja na kuondoka ndani ya siku moja. Usahaulifu wa uzeeni huingia polepole, kwa miezi na miaka. Maradhi ya akili ya kusikia sauti kwa kawaida huanza ujanani, si mtu akiwa na miaka themanini. Mtu mzima aliyekuwa na akili zake mwezi uliopita na leo anazipoteza kila jioni, tatizo litafutwe kwanza mwilini: sukari iliyopanda au kushuka, donda au mkojo ulioingia vijidudu, kukaukiwa na maji, malaria, pengine alianguka akaumia kichwa. Ndiyo maana hatutaki afike popote na jina la mwendawazimu likimtangulia. Port Reitz wana kitengo cha afya ya akili na kinasaidia watu wengi, lakini mgonjwa akishapachikwa jina hilo mlangoni, mguu wake unaweza kusahaulika.

Kuhusu namba. Mashine, kwa kipimo cha mmol/L, ikisoma chini ya 4, sukari imeshuka: mpe chai yenye vijiko vitatu vya sukari ikiwa anameza vizuri, apimwe tena baada ya dakika 15. Ikisoma zaidi ya 11, pamoja na kiu na donda hilo, aende hospitali siku hiyohiyo. Mashine ikiandika HI badala ya namba, imeshindwa kuhesabu kwa wingi wa sukari, na hapo ni gari saa hiyo. Mpaka apimwe, mpe maji matupu, mengi, kidogo kidogo. Soda na uji wa sukari viache, na hata maji ya chumvi na sukari ya kienyeji yasubiri. Mbaazi zako anaweza kula, na hamri moja haitamuua. Tatizo ni zile chai tatu za sukari anazonunuliwa na kila mpita njia mwenye huruma.

Na ikisoma sawasawa, kati ya 4 na 11, usirudi nyuma ukasema basi ni wazimu. Bado ana donda na bado amechanganyikiwa ghafla, kwa hiyo bado ni wa hospitali.

Mpeleke asubuhi, saa zile anazokujua. Umesema hataki. Wengi humwuliza mzee "twende hospitali?" naye hujibu "siendi", mazungumzo yakaishia hapo. Muulize hospitali anaogopa nini. Mtu wa barazani huwa na sababu zake: atakuta mwingine amelala mahali pake, kifurushi chake kitaibwa, atakatwa mguu, ataambiwa alipe, au ataitiwa jamaa asiotaka wajue alipo. Kila hofu ina dawa yake. Kifurushi chake kiende naye, chote, hata kama kwako ni matambara. Mlinzi aahidi mbele yake kumshikia mahali. Kuhusu kukatwa mguu, mwambie kweli: unaokatwa mara nyingi ni ule uliocheleweshwa.

Mtu akiwa anaelewa anachoambiwa, anakikumbuka dakika chache baadaye, anaweza kupima huku na huku na kukupa jibu, basi "sitaki" yake ni yake hata kama inakuuma. Rudi kesho umuulize tena. Lakini akiwa hajui yuko wapi wala wewe ni nani, anatetemeka kwa homa, haamki vizuri au hapati mkojo, hiyo ni dharura, na kumbeba kwa upole ni kumwokoa. Polisi iwe njia ya mwisho. Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, inawapa uwezo wa kumchukua mtu aliyechanganyikiwa na kumfikisha hospitali ndani ya saa 24. Mkifika huko, nenda na mzee wa mtaa, na msisitize hospitali. Seli si mahali pa mtu mwenye donda.

Kule zahanati mlikorudishwa kwa ajili ya kitambulisho, mlionewa. Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mkifika mapokezi ya dharura ya Coast General, ile wazee bado wanaiita Makadara, usianze na historia ya barazani. Sema: "Amechanganyikiwa ghafla wiki mbili sasa, ana donda la mguu, sukari imesoma kadhaa." Maneno hayo ndiyo yanayomsogeza mbele. Kisha, kabla hujaondoka, omba kuonana na afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Bila kitambulisho mzee hawezi kuandikishwa SHA, ile bima iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na afisa huyo ndiye anayeshughulikia wasio na kitu wala mtu: msamaha wa ada, kutafuta jamaa, na wapi mgonjwa atakwenda akitoka.

Mambo mawili huharibika hapo. La kwanza, mzee asiye na karatasi huandikwa "asiyejulikana", zamu inabadilika, na kesho yake hakuna anayejua kwamba ana jina, kwamba ni wa Kaloleni, kwamba asubuhi huwa na akili zake. Andika hayo kwenye karatasi, jina lake, lugha anayozungumza, simu yako, na uombe ibandikwe kwenye faili. La pili, jirani mwenye huruma hutia sahihi kama ndugu. Andika wazi: "jirani". Ukiandika ndugu, bili na ruhusa ya kutoka vitakufuata wewe, na utapigiwa simu saa mbili usiku uje kumchukua mtu asiye na pa kulala. Mwombe afisa, kwa jina lake, asiruhusiwe kutoka usiku wala bila wewe kuambiwa siku moja mbele.

Sasa lile donda, kwa siku zile atakapokuwa barazani. Spiriti inaunguza nyama mpya inayojaribu kuota, ndiyo maana kila siku mnaanza upya. Unga wa kapsuli unakauka ukawa ganda, usaha unafungika chini yake, na dawa yenyewe haifiki inakotakiwa. Majivu, kahawa na dawa ya meno ni hivyohivyo. Chemsha maji dakika chache, yaache yapoe kabisa kwenye sufuria iliyofunikwa. Nawa mikono kwa sabuni, vaa glavu. Duka la dawa wanazo. Bandeji ikiwa imegandamana na donda, usiivute. Imwagie maji hayo uingoje, kama dakika tano, mpaka ijiachie yenyewe. Ukiivuta unang'oa nyama iliyoota wiki nzima. Osha ngozi ya pembeni kwa sabuni, donda lenyewe kwa maji tu, uyamwage kutoka juu yateremke. Kausha pembeni, weka shashi safi, kisha funga bandeji ukianzia karibu na vidole kupanda juu, isibane kiasi cha vidole kuwa baridi. Kila siku mara moja. Akikaa, mguu auweke juu ya kreti la soda badala ya kuuning'iniza kutwa nzima. Mguze vidole vya mguu huku ameangalia pembeni, umuulize kipi unakigusa: asipojua, mishipa ya fahamu imekufa ganzi na kiatu kinaweza kumchubua mpaka mfupa asisikie. Wekundu ukipanda, harufu ikibadilika, pakiwa peusi, au homa ikiingia, usingoje asubuhi. Akiwa anakohoa zaidi ya wiki mbili, sema hilo hospitalini pia. Kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure.

Tuje kwa kijana. Sadaka anazokusanya Ijumaa ni wizi na zinaumiza, lakini kilichotushtua sisi ni ile karatasi na wino. Mtu hasumbuki kumtafuta mzee wa barazani kwa dole gumba kwa ajili ya shilingi mia tatu. Mzee ana minazi Kaloleni, na minazi imesimama juu ya ardhi. Ngumi aliyoikunja inasema alielewa vizuri anachoombwa, na hilo uliandike leo kwenye daftari: tarehe, saa, nani alikuwepo, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa. Daftari la mauzo linatosha. Siku yatakapofika mbele ya afisa, mstari ulioandikwa siku ileile una uzito kuliko kumbukumbu za watu kumi.

Kabla ya Ijumaa ijayo yafanyike mawili. Nenda kituo cha polisi na mzee, au na mzee wa mtaa kama mzee hawezi kutembea, mripoti kwamba kitambulisho chake kinashikiliwa na mtu asiyekirudisha, na kwamba mtu huyo alijaribu kumshurutisha kutia dole. Ondokeni na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Halafu nendeni kwa shirika la Kituo cha Sheria, wana ofisi hapa Mombasa na huwasaidia wasio na uwezo bila malipo. Kama shamba lina hati, mzee mwenyewe anaweza kuomba kizuizi kiwekwe kwenye sajili ya ardhi ya Kilifi ili lisihamishwe bila yeye kujulishwa. Pia shamba la kilimo haliuzwi kihalali bila idhini ya bodi ya ardhi ya eneo, na dole linapaswa kushuhudiwa na mtu anayetambuliwa kisheria. Dole la kulazimishwa barazani Majengo lina kasoro nyingi za kupingia. Ila ardhi nyingi ya huko haina hati, inauziana kwa karatasi mbele ya watu, na hapo hakuna sajili ya kuwekea kizuizi. Itabidi barua ya wakili iende kwa chifu wa kwao, mapema, imkute kabla ya mnunuzi.

Usimkabili kijana barabarani. Hatuwezi kuapa kwamba si mpwa. Anaweza kuwa mpwa kweli na bado akawa mwizi. Muulize mzee peke yake, asubuhi: huyu ni mtoto wa nani, mama yake anaitwaje, alianza kuja lini. Siku nyingine mzungumze na kijana kwa upole, kama mtu mwenye hamu tu ya kujua, umuulize yaleyale. Ijumaa yenyewe wawepo watu wazima wawili au watatu barazani, bila fujo, wakinywa kahawa. Akija na gari, maneno ni haya tu: "Mzee hajasema anataka kwenda, na kesi iko kituoni, nambari hii hapa." Akimpakia kwa nguvu, andika namba ya gari na upige 999 au 112 hapohapo. Huna haja ya kuwa ndugu ili uzuie mtu asiibwe.

Kwa nini tusishukuru kwamba kapata wa kumrudisha kwao? Tafadhali lichukue hili kwa uzito. Katika Kilifi na Kwale wako wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, nywele nyeupe ndizo ushahidi, na nyuma ya tuhuma mara nyingi unakuta shamba. Tatizo ni kubwa kiasi kwamba Kaya Godoma, huko Ganze, wamekuwa wakiwahifadhi wazee waliokimbia vitisho hivyo. Hatusemi mzee wenu ni mmoja wao. Tunasema mtu wa miaka themanini mwenye minazi yake haji kulala Majengo bila sababu, na hamjamuuliza. Muulize asubuhi, mkiwa wawili tu, kwa taratibu: "Babu, nyumbani kuna mtu unayemwogopa?" Akinyamaza, nyamaza naye. Bintiye anayemtaja alasiri ana jina, na jina hilo ni mlango mzuri kuliko mpwa. Msalaba Mwekundu, simu 1199, wana kazi ya kutafuta jamaa waliopotezana, na wanaitafuta familia kimyakimya. Usiirushe picha yake kwenye makundi ya WhatsApp. Picha hiyo atakayeiona wa kwanza ndiye yule mwenye gari.

Kitambulisho kipya kinafuata baada ya OB. Polisi watatoa hati ya kupotelewa, mtakwenda nayo Huduma Centre ya Mombasa, pamoja na mzee mwenyewe kwa sababu alama za vidole huchukuliwa papo hapo. Kuna ada. Vidole vya wazee waliogema na kulima huwa vimelika na mashine hukataa. Mpake mafuta kidogo usiku wa kabla, afute asubuhi, na awe na subira. Kikitoka, nakala yake iwekewe plastiki, na kwenye kikoi chake cha pili shona kimfuko ndani upande wa kiunoni, cha kutosha nakala hiyo na simu yako kwenye kikaratasi. Kitambulisho chenyewe kiwe kwa mtu aliyechaguliwa na mzee, na wewe uwe na karatasi inayosema kiko kwa nani.

Pesa za wazee ni Inua Jamii: shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mwenye miaka 70 na zaidi, na mara nyingi hutoka kwa mkupuo wa miezi miwili. Mpango huo unaruhusu mlezi wa kumpokelea asiyeweza kwenda mwenyewe, na hapo ndipo kijana anaweza kuwa alishajiandikisha. Afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo au chifu aliyemsajili anaweza kuangalia kama jina la mzee limo na nani ni mlezi wake. Mzee akisema simtaki huyu, mlezi hubadilishwa. Ikiwa amekuwa akilipwa mwaka mzima, ni shilingi 24,000 zilizokwenda kwingine. Peleka daftari lako.

Sasa swali lako la moyoni. Jibu letu: usimchukue kwako, si sasa. Hatupungukiwi na huruma tukisema hivyo. Hajapimwa kifua. Amechanganyikiwa usiku, anaweza kuamka akafungua mlango wa chumba cha wasichana akidhani ni kwake, hana ubaya wowote, na jambo hilo likamharibia jina yeye na kuwatia hofu watoto. Mumeo hayupo usiku nusu ya wiki. Na ukishamwingiza ndani, kila ofisi itafunga faili ikisema amepata mahali. Zaidi ya yote, kijana ataanza kusema ninyi ndio mliomficha mzee kwa ajili ya shamba lake, na hakutakuwa na shahidi.

Unachoweza ni kikubwa kuliko chumba. Kusanya watu watano, si zaidi: mmoja donda, mmoja chakula cha mchana, mlinzi mmoja wa usiku, mmoja wa kwenda ofisini, na wewe na daftari. Sadaka za Ijumaa zipokelewe na mtu mmoja wa msikitini anayeandika, azitunze, naye mzee aambiwe mbele ya watu kiasi gani kimeingia. Mwombeni mwenye duka ruhusa ya maandishi mzee alale hapo hadi atakapohamishwa. Tafuteni godoro lenye jalada la plastiki na turubai moja, kwa sababu mvua ya kusi huingia barazani kwa ubavu na mguu uliolowana haufungi. Ikija nafasi ya makao ya wazee, kupitia afisa wa ustawi au kupitia msikiti au kanisa, nenda ukaone kwanza, na usiende saa waliyokualika. Uliza nani anatoa dawa usiku, kitambulisho cha mkaaji kinakaa wapi, mkaaji akitaka kutoka inakuwaje, na kama jirani anaruhusiwa kumtembelea bila miadi. Wasiopenda mgeni wa ghafla, mpitishe mzee wako mlangoni mwao uende mbele.

Majirani wanaotaka askari wa kaunti waambie hivi. Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2018 iliwakuta watu 7,529 wakiishi mitaani Mombasa, ya pili baada ya Nairobi. Kuwapakia kwenye lori hakujampunguza hata mmoja; wanashushwa kwingine, wanarudi, na njiani wanapoteza dawa, kadi za kliniki na watu waliokuwa wakiwaangalia. Nakuru mwaka 2019 watoto wa mitaani walichukuliwa usiku na kutupwa porini upande wa Baringo. Mzee huyu akipakiwa leo, kesho hakuna anayejua donda lake liko mguu upi.

Anza na kipimo, dada, leo kabla ya alasiri. Tuandikie imesoma ngapi, na kama amekujibu lile swali la nyumbani.